Kipara cha utosini: apu ya simu imesema "hatari kubwa" ya kansa, niamini au nipuuze?

MamaPacha_Mbagala

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba msinicheke maana hili jambo limeninyima usingizi siku ya tatu leo.

Mimi ni mama wa miaka 38. Kama miaka mitatu iliyopita nywele za utosini zilianza kukatika, sio kunyonyoka na mzizi wake hapana, zinakatika katikati zinabaki vifupi vifupi kama nimepitishwa mkasi. Msusi wangu akasema dawa imezidi nguvu tupumzishe kidogo, tukapumzisha nikawa nasuka twende kilioni tu, wapi. Mwingine akasema ni mapunye nikapaka dawa ya mapunye, nikaenda zahanati nikapewa vidonge vya fangasi, vikaisha, nikapewa tena. Maji ya kitunguu nimepaka, mafuta ya nyonyo nimepaka mpaka foronya zote zimebadilika rangi. Sasa hivi pale utosini pana uwazi sawa na kisahani cha chai, ngozi imekuwa laini inang'aa kama imepakwa vaseline, na usiku panachoma choma kama vijisindano. Mchana navaa wigi au kilemba maisha yanaenda.

Sasa juzi wifi yangu ambaye ni fundi cherehani akaniambia kuna apu ya kuchunguza ngozi, unapiga picha tu akili mnemba inakwambia. Akanipiga picha, akaweka na futi yake pembeni ili ukubwa uonekane vizuri. Ile apu ikazunguka zunguka weee ikaleta maandishi mekundu HATARI KUBWA, kwamba inafanana na saratani nimuone daktari haraka. Jamani mama yangu mkubwa alikufa kwa kansa ya titi. Na nimesoma mahali kwamba siku hizi kompyuta inagundua kansa kuliko hata madaktari. Je ni kweli? Na je upara unaweza kuwa kansa? Mwenye kujua anisaidie, matusi na maombi ya namba pm sitaki.

---

SaluniYaBiMkubwa

Pole sana shoga angu. Mi nasuka mwaka wa 17 huu na hicho kisahani nimekiona vichwani mwa watu wengi sana hakijawahi kuwa kansa hata kimoja, kwa ninaowajua mimi lakini, sio daktari. Ila nikwambie ukweli ambao wasusi wengi hatuusemi kwa kuogopa kupoteza mteja: mtu akishaanza kung'aa utosini mi huwa nakataa kumuwekea dawa. Nilishawahi kulazimishwa nikaweka, mama wa watu alilia pale kwenye sinki nikakoma. Na mapunye ya mtu mzima wa miaka 38 sijayaona mara nyingi, mapunye ni ya watoto wa shule.

Swali langu, unasuka ya kubana? Maana zile rasta ndogo ndogo za kuvuta mpaka macho yanakuwa ya Kichina zinaondoa za mbele hapa kwenye paji, sio utosini. Yako imeanzia katikati.

---

JamaaWaData

Dada pole, kabla hujafika mbali hebu nikuulize kitu kimoja. Umesema wifi aliweka futi pembeni ya kipara ndo akapiga picha?

Nina sababu ya kuuliza. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford huko Marekani walitoa kwenye jarida la Nature kazi iliyotikisa dunia. Walifundisha programu kwa picha 129,450 za magonjwa ya ngozi halafu wakaishindanisha na madaktari wa ngozi 21, ikaenda nao sambamba. Hizo habari ulizosoma kwamba kompyuta inawazidi madaktari mzizi wake mmojawapo ni pale. Sasa mwaka uliofuata watu wa kundi lile lile wakaandika wenyewe bila kificho kwamba mashine yao ilikuwa ikiona RULA kwenye picha inaelekea zaidi kusema ni kansa. Kwanini? Kwa sababu daktari akishuku doa anaweka rula alipime, akiona la kawaida hahangaiki. Kwa hiyo kwenye picha za kufundishia rula na kansa zilikuwa zinatembea pamoja kama mapacha wako, na mashine haina akili ya kujua kwamba rula sio ugonjwa, yenyewe inatafuta kinachojirudia tu basi. Wajerumani wa Heidelberg nao mwaka 2019 wakaonyesha kwamba ule wino wa zambarau madaktari wanaochorea ngozi kabla ya upasuaji unatosha kupandisha alama za kansa kwenye doa ambalo halina shida yoyote.

Sisemi futi ya wifi ndo imekutisha, apu yako siijui na haijasema imefundishwaje. Ila nifanyie kitu, piga tena picha ile ile bila futi, mwanga ule ule, utuambie imesemaje.

Halafu la pili ambalo mimi linaniuma zaidi. Kuna watu walikusanya hifadhi zote za wazi za picha za kansa ya ngozi wanazotumia watafiti, wakapata hifadhi 21 zenye picha 106,950, ikatoka kwenye jarida la Lancet Digital Health. Picha ambazo zilikuwa zimeandikwa rangi ya ngozi ya mgonjwa ni 2,436 tu. Kati ya hizo za ngozi ya kahawia zilikuwa 10, na ya kahawia iliyokolea au nyeusi ilikuwa MOJA. Sio mia moja, moja. Sasa hiyo mashine ukiipa utosi wa mtu wa Mbagala unategemea iseme nini? Ni sawa na kumchukua mtu aliyezaliwa Norway hajawahi kuona embe ukamuuliza hili ni dodo au bolibo.

---

MamaPacha_Mbagala

@JamaaWaData nimepiga bila futi. Nimecheka na nimekasirika pia. Imesema MBA, hatari ndogo, nitumie shampuu. Dakika tano zilizopita nilikuwa mgonjwa wa kansa sa hivi nina mba 😂😂 Wifi anasema tupige na futi ya chuma tuone.

Sasa niamini ipi?

---

TabibuNgozi

Usiamini hata moja. Mimi ni tabibu, nimesomea ngozi na ninaona vichwa kila wiki, ngoja niandike kirefu kidogo mtanivumilia.

Kukatika nywele kupo kwa aina mbili kubwa. Kuna ambako tundu la unywele bado liko hai, kama baada ya kujifungua, au baada ya homa kali, au zile duara duara laini zinazokuja ghafla, huko nywele zinaweza kurudi. Na kuna kwa makovu, ambako mwili wenyewe unashambulia mzizi wa unywele chini ya ngozi, mzizi unakufa na mahali pake panajaa kovu. Ukimulika kwa lenzi unaona vitundu havipo, pamezibika, ndo huko kung'aa unakokusema. Kwa maelezo yako, yaani kuanza kwa kukatika utosini, vijisindano, halafu kutanuka kuelekea pembeni, cha kwanza ninachokifikiria ni ule ugonjwa ambao wataalamu huuita kwa kifupi CCCA. Ndio upara wa makovu unaowapata zaidi wanawake weusi. Unaenda kama moto wa nyika uliowashiwa katikati ya uwanja, katikati pameshaungua pametulia, moto wenyewe uko pembezoni unatafuna kimya kimya.

Sasa hapo ndipo picha inapokwama, ya simu au ya kamera ya laki tisa. Kamera inaona majivu. Ugonjwa uko milimita kadhaa chini ya ngozi tena pembeni sio katikati. Ndiyo maana tunakata kinyama kwenda kupimwa maabara, kwa kikataji cha duara cha milimita 4 chini ya ganzi, na tunakata UKINGONI, pale penye nywele ambazo bado zipo lakini panauma au pana wekundu. Nimeshapokea majibu ya vinyama vilivyokatwa katikati ya kipara kabisa, maabara inajibu "kovu", ahsante, kovu tunaliona kwa macho. Kwa hiyo ukienda muombe kwa heshima daktari akate ukingoni, na ikiwezekana vinyama viwili maana maabara hukata kimoja kwa wima na kingine kwa ulalo.

Kuhusu kansa. CCCA sio kansa na haigeuki kuwa kansa hivi hivi. Ila sitaki kukudanganya kwamba kansa na upara havikutani kabisa. Kovu la zamani lenye kidonda kisichopona miaka na miaka linaweza kuota kansa, na makovu ya lupasi ya ngozi (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia yenyewe) kichwani ni mojawapo tunayoyachunga. Na mara chache sana kansa ya titi ikisambaa hadi kichwani inaweza kufanya eneo gumu lisilo na nywele likafanana kabisa na upara wa makovu. Kinachonifanya niharakishe mtu ni kidonda kisichofunga, damu, uvimbe, au ngozi iliyokuwa ngumu kama soli. Wewe hujataja hata kimoja, lakini kichwa hakipimwi kwa kuandikiana, nenda. Na kwa vile mama mkubwa alikuwa na kansa ya titi, kapime matiti kama jambo lake lenyewe, halihusiani na kipara.

@SaluniYaBiMkubwa mkono wako nautamani kliniki kwangu. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliuita ugonjwa huu kwa jina la chanuo la moto, wakiamini wanawake wamejichoma wenyewe. Wakaja kukuta wapo wengi tu ambao hawajawahi kushika hilo chanuo. Mwaka 2019 kwenye jarida la New England Journal wakapima wagonjwa 58 wakakuta 14 kati yao wana hitilafu kwenye jeni (chembe ya urithi) inayoitwa PADI3, ambayo kazi yake ni kuujenga unywele uwe imara. Kwa hiyo mtu anaweza kuzaliwa na unywele dhaifu, halafu dawa, pasi na kuvuta vikamalizia. Ukiona mama anao mwangalie na binti.

---

Kisogo_Tz

Wakuu na sisi wanaume tunaotoka vipele kisogoni baada ya kunyolewa, vikipona vinaacha vigumu gumu vya nywele hakuna, ni huo huo moto wa nyika?

---

TabibuNgozi

@Kisogo_Tz ni jamii moja lakini mtu mwingine. Kwako mashine ya kinyozi isigusane na ngozi, acha nywele fupi kidogo usinyoe kipara cha kung'arisha, kola ngumu za shati punguza, na uwahi matibabu vikiwa bado vipele. Vikishakuwa makovu manene tunaongea lugha nyingine. Fungua uzi wako nitakuja.

---

BintiKinondo

Nawasoma kutoka Kwale, Kenya huku pwani. Mimi nataka nimtetee huyo mashine kidogo maana naona mwampiga mawe mpaka basi.

Huku kwetu hospitali ya Kinondo Kwetu walifanya utafiti wa kansa ya mlango wa kizazi, wanawake 740 wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ile smear, yaani seli zinazochotwa mlango wa kizazi na kupakwa kwenye kioo, mtu akishatolewa, kioo kinaingizwa kwenye kimashine kidogo cha kuchukua picha, picha zinapandishwa kwa mtandao wa kawaida wa simu, huko kompyuta inachambua seli. Majibu yalichapishwa 2021, uwezo wake wa kukamata seli zisizo za kawaida ulikuwa asilimia 96 hadi 100, na hakuna kioo hata kimoja ambacho wataalamu walikisoma kuwa kibaya sana halafu mashine ikakipitisha kuwa kizima. Mwenzangu wataalamu wa kusoma vile vioo ni wa kutafuta kwa tochi huku mashambani. Kwa hio mimi siwezi kusikia mtu akisema haina maana.

---

JamaaWaData

@BintiKinondo dada umenipa mfano mzuri kuliko wote na ndo hoja yangu yenyewe sema niliiandika kwa hasira. Angalia tofauti. Kinondo mashine ilifundishwa kwa vioo vya wanawake wa hapo hapo, ikapimwa kwa wanawake wa hapo hapo, kinachoangaliwa ni seli zilizotolewa ndani sio picha ya juu juu, na kuna mtaalamu wa kuilinganisha naye. Sweden nao kwenye kansa ya titi waliingiza wanawake zaidi ya 80,000, nusu picha zao zikasomwa na madaktari wawili kama kawaida, nusu kwa msaada wa akili mnemba, kansa zilizopatikana hazikupungua na kazi ya kusoma picha ikashuka asilimia 44. Lakini pale mashine haikumwambia mama yeyote nyumbani kwake HATARI KUBWA kwa maandishi mekundu, inamwambia daktari hizi ziangalie vizuri, hizi zinatosha mtu mmoja. Mimi nina shida na hiyo ya kwenye simu inayojibu hata isichokijua. Haina "sijui". Ukiipiga picha chapati itakutajia ugonjwa.

Na hilo la ngozi nyeusi linatengenezeka kabisa, Stanford mwaka 2022 walikusanya picha 656 za ngozi za rangi zote ambazo kila moja ina uhakika wa kinyama. Programu zilizopimwa zikaanguka kwenye ngozi nyeusi, lakini walipozifundisha kwa picha hizo pengo likaziba. Picha 656 tu jamani. Kliniki zetu zinaona vichwa vingapi kwa mwaka?

---

MrsKibaha

Samahani naingilia. Dada yangu yuko Marekani ameniambia huko wanatibu huo upara kwa metformin, vile vidonge vya sukari. Mama anavyo nyumbani boksi zima. Nimeze?

---

TabibuNgozi

HAPANA usimeze dawa za mama, na mama abaki na dawa zake.

Habari yenyewe ni ya kweli ila ndogo. Chuo kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani mwaka 2024 walitoa kwenye jarida la JAMA Dermatology, wagonjwa 12 wa CCCA ambao dawa za kawaida zilikuwa zimegoma, wakapewa metformin miligramu 500 kwa siku angalau miezi sita juu ya dawa zao za kawaida, 6 wakaonyesha nywele kuota. Inatia moyo kwa sababu tumezoea kusema lengo ni kuzuia tu. Lakini ni watu 12 na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Metformin ina mambo yake na figo, inaandikwa na mtu aliyekupima.

Kwa kawaida tunaanza kuuzima moto, dawa kali ya kupaka ya jamii ya steroidi (za kutuliza uvimbe na mashambulizi ya mwili), sindano ndogo ndogo za steroidi ukingoni, mara nyingi na vidonge vya antibayotiki ya doxycycline, ukishatulia ndo unaongeza minoxidil, dawa ya kukuza nywele, kwa nywele zilizosalia. Palipokufa hapaoti. Ndo maana miaka mitatu ya vidonge vya fangasi inaniuma.

Kitu kingine wamama, hao hao wa Johns Hopkins walipitia kumbukumbu za wanawake weusi 487,104 wakakuta wenye CCCA asilimia 13.9 walikuwa na uvimbe kwenye kizazi, wasio nayo asilimia 3.3. Haina maana kipara kinaleta uvimbe. Ila kama unacho hicho kipara na hedhi zako ni nzito, mwambie daktari vyote viwili kwa pamoja usiugawe mwili wako kliniki mbili zisizosalimiana.

---

MamaPacha_Mbagala

Hedhi... mnanitisha mwenzenu. Nitamwambia.

---

MamaPacha_Mbagala

Wakuu narudi na mrejesho, imepita kama wiki sita samahanini nilikuwa nasubiri majibu.

Nilipata rufaa nikaonana na daktari wa ngozi, dada mdogo tu nadhani hata thelathini hajafika. Nilivua kilemba mbele ya mtu kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, mume wangu mwenyewe huwa namzimia taa. Akavaa kitu kama darubini kidogo akakiweka kichwani, akaniita nione kwenye simu yake. Katikati peupe hakuna kitundu hata kimoja, pembeni kuna kama vijiduara vya kijivu vimezunguka kila unywele, akasema hivyo ndo tunavitafuta. Nikamwambia kwa heshima kama mlivyonifundisha, dokta naomba ukate ukingoni, akacheka akauliza nani kakwambia, nikasema watu wa mtandaoni. Akasema leo mtandao umesema kweli.

Alikata viwili. Sindano ya ganzi ndo inauma, kukata husikii ila unasikia ile sauti kama anakata kitunguu. Nyuzi moja moja.

Majibu: CCCA. Hakuna kansa. Nililia pale pale, nikalia tena nilipoambiwa za katikati hazirudi. Nimeanza sindano, kila baada ya wiki kadhaa narudi, na vidonge na ya kupaka. Vile vijisindano vya usiku vimepungua sana, hilo naweza kusema. Matiti nimepima yako salama, na hiyo habari ya hedhi nimeandikiwa utrasaundi, ni Jumanne.

@JamaaWaData nilimuonyesha dokta ile apu na picha ya futi. Akaomba ruhusa apige picha ya kichwa changu atunze, bila uso, nikasaini karatasi. Akaweka kirula pembeni nikamwambia dokta toa hicho 😂

@SaluniYaBiMkubwa uko wapi nikufuate, nina binti wa miaka 14 anataka kuwekwa dawa likizo hii nataka umkatalie wewe, mimi hanisikii.

---

SaluniYaBiMkubwa

Mlete. Namkatalia bure.